Kirikuu inasaga ukiwasha, stata imebadilishwa mara mbili na kelele ipo palepale

Gari ni Suzuki Carry, hizi tunazoita Kirikuu, ya manyuo (gia za kubadilisha kwa mkono), injini K6A ya silinda tatu cc 658, kazi yake kubeba mboga na ndizi toka soko la Mabibo, Dar es Salaam, alfajiri kwenda kwenye magenge. Lalamiko ni kwamba ukizungusha funguo unasikia chuma kinasaga chuma, krrrrrr, alafu ama inakamata na kuwaka ama inaendelea kusaga mpaka uachie funguo mwenyewe. Na kuna asubuhi inawaka safi kabisa, cheche moja tu imo, dereva anaondoka zake anasahau kama kuna tatizo. Hicho kitu cha "kuna siku haifanyi" nitakirudia maana ndo kilichofungua kesi yote.

Mwenye gari ni mama mmoja mfanyabiashara, dereva ni mtoto wa dada yake. Huko walikotoka walishabadilishiwa stata, ile mota inayozungusha injini mpaka iwake, mara mbili, ya kwanza yuzdi, ya pili wakaambiwa ni mpya ya kwenye boksi. Kila ikibadilishwa kelele inapungua kwa wiki kadhaa alafu inarudi. Mama alishakata tamaa, "mwanangu mimi stata nimenunua mpaka nimechoka, kama ni kufa acha ife niuze skrepa."

Sasa watu wengi wakisikia kelele wakati wa kuwasha akili inaenda kwenye stata moja kwa moja, na siwalaumu, mara nyingi inahusika. Ila kwenye gari ya manyuo neno "nikiwasha" limebeba vitu vingi. Kuna anayemaanisha pale anapozungusha funguo. Kuna anayemaanisha sekunde moja baada ya injini kukamata. Kuna mwingine ukimhoji vizuri unakuta kelele yake ni pale anapoingiza namba moja aondoke, yeye kwake huko ndo kuwasha gari. Na kuna kitu kingine watu hawakifikirii, gari nyingi za manyuo za Japani kuanzia miaka ya 2000 hazipigi stata mpaka ukanyage klachi, kuna swichi ndogo pale kwenye pedeli. Kwa hiyo muda uleule stata inazunguka na mguu uko kwenye klachi, rilisi beringi (beringi inayobonyeza klachi ili iachie) nayo inafanya kazi, milio miwili inatoka pamoja na dereva anasikia mmoja tu.

Kwa hiyo kabla sijafungua hata boliti nilimwambia dereva kaa kwenye siti, mimi nipo chini, fanya ninavyokwambia. Tulianza na injini ikiwa tayari inazunguka, gia nyutro, mguu nje ya klachi. Hapo palikuwa na mvumo mdogo wa beringi, mdogo sana, ukikanyaga klachi unapotea. Hiyo ni beringi ya shafti inayoingia gia boksi, maana ukiwa nyutro na klachi umeachia shafti ile inazunguka na injini, ukikanyaga inasimama. Ingekuwa kinyume chake, kimya ukiachia na kelele ukikanyaga, ningemshika rilisi beringi. Nikamwambia kanyaga klachi mpaka chini, subiri kidogo, ingiza rivasi. Ikaingia bila kukwaruza. Hii rivasi ni kipimo kizuri sana cha bure, kwenye gia boksi nyingi rivasi haina sinkronaiza (kile kinacholinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana), kwa hiyo kama klachi haiachii vizuri, waya umelegea au pleti inang'ang'ania, rivasi itakwaruza kabla ya gia zingine zote. Hii iliingia kimya, klachi inaachia, huko tukafunga.

Bado funguo. Nikatoa ile soketi ya swichi ya kwenye pedeli ya klachi nikaunganisha waya zake kwa muda ili ipige stata bila kukanyaga, gia nyutro, handibreki juu na jiwe nyuma ya tairi (usiruke hilo jiwe, gari ikiwa kwenye gia kwa bahati mbaya itakurukia ukiwa chini). Tukapiga. Krrrrrr ileile. Mguu haupo kwenye klachi na kelele ipo palepale, kwa hiyo rilisi beringi haihusiki na huu mlio, tumebaki na stata, flaiwili (gurudumu zito la chuma lililofungwa nyuma ya injini, stata inalizungusha ili injini iwake), na kinachovishikilia pamoja.

Hapo ndo fundi wa kwanza alifika akaishia, akasema stata. Kwa haki yake hakuwa mbali.

Nieleze kidogo inavyofanya kazi maana bila hivyo kinachofuata hakieleweki. Ukizungusha funguo moto unaenda kwenye solenoidi, ile kopo ndogo iliyobebwa mgongoni kwa stata. Solenoidi inavuta uma ndani, uma unasukuma bendeksi mbele, kwenye ncha ya bendeksi kuna gia ndogo, pinioni, ambayo inatakiwa iingie kwenye meno yaliyozunguka flaiwili. Mwisho wa safari hiyo ndo kontakti za shaba zinakutana na mota inapata moto mkubwa. Yaani kwanza ishike meno, alafu izungushe. Meno yakigongana vichwa, kuna springi inaruhusu mota ianze kuzunguka kidogo ili pinioni iteleze iingie kwenye nafasi. Sasa kama vichwa vya meno vimeliwa au vimevimba, inazunguka tu juujuu haiingii, na huo ndo mlio wa kusaga. Ukisikia "viiiiii" laini bila kusaga, mota inazunguka na injini haisogei, hiyo ni klachi ya bendeksi imekufa inateleza. Ukisikia "taka taka taka taka" hiyo ni moto mdogo, betri au terminali. Ukisikia "tak" moja na kimya, kontakti za shaba zimeisha. Milio minne na spea tofauti, ila kwa kaunta watu wanauziwa stata nzima kwa zote.

Moto tulipima. Betri ikiwa imepumzika ilisoma 12.5, wakati wa kupiga stata ikashuka 10.4, hapo sina shida nayo, ningeona inashuka chini ya 9.6 ningeanza kuihoji. Ethi pia, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi, nikaweka waya mmoja wa mita kwenye kichwa cha hasi cha betri na mwingine kwenye bodi ya stata, akapiga, haikufika nusu volti. Moto uko sawa. Tusonge.

Sasa turudi kwenye ile "kuna siku inawaka safi." Kitu cha umeme kinaweza kuja na kupotea, ndiyo, ila na kitu cha meno nacho kinaweza, na sababu yake ni nzuri sana. Injini ukiizima haisimami popote inapotaka. Inazunguka inapoteza nguvu mpaka inakutana na silinda moja inayokandamiza hewa, inashindwa kuivuka, inarudi nyuma kidogo, inasimama. Silinda nne, mizunguko miwili ya krenki (shafti kuu ya injini, ndo inayobeba flaiwili) ni digrii 720, gawa kwa nne unapata 180, kwa hiyo flaiwili inasimama karibu sehemu mbili tu zilezile maisha yake yote. Silinda tatu ni 240, ukiihesabu kwenye duara la flaiwili zinakuja sehemu tatu, zimeachana digrii 120. Maana yake pinioni kila asubuhi inagonga meno yaleyale machache, meno mengine yote yamekaa kama mapya. Na zile sehemu tatu haziliwi sawasawa. Ikisimama kwenye iliyoliwa sana inasaga, ikisimama kwenye nyingine inashika. Dereva anaona kama bahati.

Kipimo chake ndo kizuri na kinafanyika kwenye gari ya manyuo peke yake, otomatiki huwezi. Siku imesaga, acha, usirudie kupiga. Zima swichi kabisa. Weka gia ya tano, toa handibreki, sukuma gari kidogo sana, kama shubiri moja hivi. Tairi zinazungusha gia boksi, gia boksi inazungusha flaiwili, meno mengine yanakuja mbele ya pinioni. Rudisha nyutro, handibreki, piga. Wengine wanasukuma gari mita mbili tatu alafu wanasema kipimo hakifanyi kazi, bosi umezungusha injini mara kibao ikaenda ikasimama palepale kwenye kompresheni. Shubiri inatosha. Kirikuu yenyewe haifiki kilo 800 ikiwa tupu, mtu mmoja anaisukuma kwa bega.

Tulisubiri mpaka ikasaga, tukasukuma shubiri, nyutro, piga. Ikawaka kwa mara moja bila mlio wowote. Tukazima, tukawasha, tukazima, mpaka ikasaga tena, tukarudia, ikawaka tena. Dereva akacheka, "kumbe ndo maana nikiisukumaga kidogo pale sokoni inakubali." Alikuwa anajua dawa siku nyingi, hakuna aliyemuuliza. Mama akamwangalia hivi, sikutaka kuingilia mambo ya familia.

Kwa hiyo flaiwili meno yameliwa, hilo halina ubishi tena. Na mafundi wengi wangeishia hapa, shusha gia boksi, badilisha flaiwili, gari iende. Mimi kilichonikera ni swali jingine, yaliliwa kwa nini? K6A ni injini ngumu, meno ya flaiwili kwa matumizi ya kawaida yanadumu miaka na miaka. Na kwa nini stata mpya inapunguza kelele alafu baada ya wiki kadhaa inarudi? Stata mpya inakuja na pinioni yenye ncha kali, inachomeka hata kwenye meno mabovu, alafu meno mabovu yanaila nayo inakuwa butu kama mwenzake. Hiyo inaeleza kurudi. Haielezi mwanzo.

Tukatoa kichwa cha hasi cha betri kwanza, maana ule waya mnene wa stata una moto muda wote hata funguo iko mfukoni, ukigusisha spana kwenye bodi utajua. Alafu stata ikashushwa. Stata ya pale imeshikwa na boliti mbili. Ya juu ilikuwa imekaza kweli. Ya chini nilipoweka spana ikazunguka, nikazungusha tena ikazunguka, haitoki haikazi. Nikaivuta kwa mkono ikaja na vipande vya aluminiamu vimejiviringa kwenye uzi. Uzi wa kwenye kengele ya gia boksi (ganda lake la mbele linalofunika klachi) ulishakufa zamani, mtu kaacha boliti pale kama pambo.

Na boliti yenyewe haikuwa ya pale, ilikuwa fupi kuliko mwenzake.

Pinioni ya ile stata "mpya" nikaiweka juani. Meno ya pinioni iliyoshika vizuri yanang'aa sehemu kubwa ya uso wa jino, na mng'ao umenyooka toka mwanzo wa jino mpaka mwisho. Hii ilikuwa inang'aa nchani tu, tena mng'ao umekaa kimshazari, upande mmoja mpana, upande mwingine umekuwa kauzi. Ukiona mshazari kama huo stata haikukaa sambamba na flaiwili. Kila ikipigwa, nguvu ya kuzungusha injini inaisukuma stata itoke nje, juu imeshikwa chini haijashikwa, inapinda, pinioni inashika meno kwa ncha. Meno yakishikana kwa ncha yanavunjana ncha.

Nikamulika tochi kwenye tundu la stata, msaidizi akawa anazungusha injini taratibu kwa spana kwenye boliti ya puli ya krenki, plagi zimetolewa zote ili iwe laini. Jino, jino, jino, safi, yana ile pembe yake ya kukatwa inayosaidia pinioni kuingia, alafu ghafla ukafika mahali meno kama sita saba yamelika, pembe hakuna, vichwa vimevimba kama patasi iliyogongwa nyundo miaka. Chaki. Endelea, meno safi tena, alafu eneo la pili, hili limeliwa kidogo tu. Chaki. La tatu lilikuwa katikati ya hayo mawili. Tatu, kama hesabu ilivyosema. Nikamwita dereva achungulie, na mama naye akavua viatu akapanda juu ya kipande cha boksi akachungulia, akasema "kwa hiyo mimi nilikuwa nanunua meno ya upande mmoja." Hakuna fundi aliyewahi kunielezea vizuri hivyo.

Sasa nikamuuliza dereva, hii gia boksi ilishawahi kushushwa? Akasema ndiyo, klachi pleti ilibadilishwa, kama miezi miwili kabla kelele ya kwanza haijaanza. Ndo hapo. Kushusha gia boksi lazima uguse boliti za stata. Wakati wa kurudisha mtu alikaza ya chini kupita kiasi au aliiingiza upandeupande, aluminiamu haina msamaha kwa chuma, uzi ukatoka, akaweka boliti iliyokuwepo mezani, gari ikawaka, akalipwa. Sijui ni nani na sikuuliza.

Matengenezo. Mama aliuliza kama meno yanaweza kuchomelewa na kupigwa tupa. Yanaweza, nimeona yakifanywa, na mimi sifanyi. Meno yale yamefanywa magumu kwa moto kiwandani, ukiyapiga moto wa welding ugumu unapotea, jino la kuchomelewa linavunjika na likivunjika kipande kinabaki mle ndani kinazunguka na flaiwili. Kuna njia nyingine ya kutoa ringi ya meno na kuigeuza upande wa pili, ringi haijafungwa kwa boliti, imevalishwa ikiwa ya moto ikapoa ikakaza, kwa hiyo inatoka kwa moto na inarudi kwa moto. Shida ni ile pembe ya meno, ringi nyingi zimekatwa pembe upande mmoja tu, ukigeuza unampa pinioni upande butu labda uichonge upya. Kwa gari ya kazi ya alfajiri tukaamua flaiwili nzima yuzdi toka maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam. Ukienda kununua beba ya zamani, hesabu meno ya zote mbili, usikubali kuambiwa "ni ileile." Angalia uso wa klachi, kama una rangi ya bluu na vinyufa vidogovidogo iliungua, rudisha. Tuliyopata uso ulikuwa na mikwaruzo midogo, ikapelekwa kwa mchongaji ikapitishwa kidogo.

Uzi wa boliti ya chini ndo ulikuwa moyo wa kazi, kuliko hata flaiwili. Tukatoboa uzi uliokufa, tukapiga uzi mkubwa zaidi, tukaingiza springi ya uzi, ile ya kuzungushia ndani inayorudisha saizi ya boliti ya asili. Wengine wanapiga uzi mkubwa na kuweka boliti kubwa, inashika, ila tundu la kwenye stata nalo itabidi litanuliwe na stata ijayo haitakaa. Uso stata inapokalia tukausafisha mpaka uking'aa, kulikuwa na ukoko wa mafuta na vumbi la klachi, ukoko kidogo tu chini ya upande mmoja unatosha kuipinda. Boliti mpya za urefu unaofanana, zikakazwa kwa zamu, sio moja mpaka mwisho ndo uhamie nyingine.

Gia boksi ikiwa chini usiirudishe bila kuangalia vingine, maana kazi kubwa ni kuishusha. Sili ya nyuma ya krenki ilikuwa kavu. Rilisi beringi ukiizungusha kwa kidole ilikuwa inakwama kidogo, tukabadilisha japo haikuwa na kesi, bei yake na kazi ya kushusha gia boksi tena haviendani. Klachi pleti ina maisha bado.

Stata hatukununua nyingine. Tulibadilisha bendeksi tu, mota yake ilikuwa nzima, brashi ndefu, kontakti nzuri. Hesabu ya mwisho ya spea zote ilikuja chini ya hela ya stata mbili alizonunua, na mama alihakikisha nimeirudia hiyo hesabu mbele ya dereva.

Kabla ya kukabidhi tuliwasha na kuzima mfululizo, ya moto na kesho yake ya baridi, makusudi ili isimame sehemu zote tatu. Haikusaga. Ile soketi ya swichi ya klachi nikairudisha kama ilivyokuwa, kuna mafundi wanaiacha imeunganishwa moja kwa moja "ili isisumbue," alafu siku mtoto anazungusha funguo gari ikiwa namba moja inaingia ukutani.

Ule mvumo wa beringi ya shafti bado upo. Nilimweleza mama, ni kuifungua gia boksi yenyewe sio kuishusha tu, na kwa sasa ni mdogo, ukikanyaga klachi unapotea. Akasema utasubiri mpaka mfungo uishe. Dereva nimemwambia asikilize, siku ukianza kusikika hata akiwa anatembea kwenye gia, au akiona mafuta ya gia yanatoka na vumbi la chuma wakati wa kumwaga, asingoje mama aseme, ailete.